Mswada ukikaliwa kamatini, nani aulizwe?

Mtoto aliyezaliwa Kenya mwaka 2014 sasa ni wa kubishana na wazazi wake kuhusu simu. Mwaka huohuo alipozaliwa, Millie Odhiambo, wakati ule mbunge wa Mbita, alichapisha mswada wa kusimamia utungishaji wa mimba nje ya mwili wa mama. Eneo lake likabadilishwa jina, likaitwa Suba Kaskazini. Mswada nao ukabadilishwa jina na kurudishwa mwaka 2019, safari hii ukigusa teknolojia zote za kusaidia uzazi. Bunge la Kitaifa likaupitisha Novemba 2021. Ukavuka barabara hadi Seneti, na uchaguzi wa Agosti 2022 ukaukuta huko. Bunge jipya likaapishwa, mswada ukaanza moja. Ukachapishwa tena mwaka 2022, ukapitishwa tena na Bunge la Kitaifa Novemba 2025, ukaelekezwa tena Seneti.

Ndiyo kusema wabunge wameupigia kura ya ndiyo zaidi ya mara moja, na miaka kumi na mmoja baada ya kuchapishwa kwa mara ya kwanza ulikuwa bado ni karatasi. Ukimtafuta aliyeukwamisha, humpati. Kila utakayemuuliza atakuambia kwamba yeye aliuunga mkono, na huenda anasema kweli.

Wala Odhiambo si mbunge mgeni asiyejua mlango wa kuingilia. Alipokuwa mbunge mteule katika Bunge la Kumi alisukuma mswada uliozaa Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010. Mwaka 2014 Sheria ya Kulinda Waathiriwa wa Uhalifu ikapatikana kwa jitihada zake pia. Kama mtu wa rekodi hiyo anaweza kupigwa danadana kwa muda wote huo, mbunge wa muhula wa kwanza kutoka Lamu au Turkana ana matumaini gani?

Tumezoea kuamini kwamba sheria hutungwa ukumbini, pale tunapowaona kwenye runinga wakizomeana na kupiga meza. Ukumbini ndiko zinakoshangiliwa. Kazi ya kuzitunga, na kazi ya kuziua, hufanyika kamatini. Na kamati yetu ya Bunge imepewa uwezo ambao hakuna mwananchi aliyewahi kuuidhinisha kwa kura: uwezo wa kuukalia mswada bila kuukubali, bila kuukataa na bila kusema lolote.

Kabla ya kuendelea, tuone gharama ya kimya hicho. Mwaka 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya mapacha waliozaliwa na mwanamke aliyekubali kubeba mimba kwa niaba ya wanandoa wengine. Hospitali haikujua jina la nani liandikwe kama mama kwenye karatasi za kuzaliwa. Ikawaita maafisa wa idara ya watoto, nao wakawachukua wale wachanga na kuwapeleka makao ya watoto. Walirudishwa baadaye, lakini wazazi wao na mama aliyewabeba walikwenda kortini kulalamikia jinsi walivyodhalilishwa na siri yao ilivyoanikwa. Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, alijikuta akiamua jambo ambalo halikuwa na sheria ya kuliongoza, na akasema wazi kwamba pengo hilo ni la Bunge kuliziba. Pengo hilo ndilo mswada wa mwaka huohuo ulilenga kuliziba. Watoto wangapi wamezaliwa kwa njia hiyo tangu wakati ule, wakiandikishwa kwa mikataba ya faragha ambayo hakuna anayejua kama itasimama mahakamani, sithubutu kukisia. Vituo vya huduma hizo viko Nairobi, vinatangaza kazi yao mchana kweupe, na wateja wanalipa.

Sasa tuufuate mswada wenyewe. Mbunge akipata wazo hupeleka pendekezo kwa Spika. Wanasheria walioajiriwa na Bunge hulivalisha lugha ya kisheria, na foleni yao ni ndefu. Ofisi ya Bajeti ya Bunge huangalia kama pendekezo litaigharimu serikali pesa. Kamati ya idara inayohusika, iwe ya afya, ya elimu au ya fedha, hulichambua kabla halijachapishwa. Maspika wa mabunge yote mawili, kwa sasa Moses Wetang'ula na Amason Kingi, hutakiwa kukubaliana kama jambo lenyewe linahusu kaunti. Hapo ndipo mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ukasomwa mara ya kwanza, yaani karani akasoma jina lake tu, kisha ukarudishwa kwa kamati ileile. Kwa hiyo kamati huukamata mswada mara mbili, kabla ya kuzaliwa na baada ya kuzaliwa. Huko baadaye kuna kusomwa mara ya pili, kamati ya Bunge zima, kusomwa mara ya tatu, na kama unahusu kaunti, safari yote hiyo upya katika Seneti.

Chukua mswada wowote uliochapishwa ufungue kurasa za mwisho. Wengi huanza mwanzo, wakachoka kwenye fasiri za maneno. Mwishoni mna maelezo mafupi ambayo kila mswada lazima uwe nayo: unakusudia nini, unagusa haki gani za raia, unahusu kaunti au la, na kama utatumia pesa za umma. Chini yake kuna tarehe na jina. Jina likiwa la kiongozi wa wengi, jua huo ni mswada wa serikali na una barabara ya lami. Likiwa la mbunge wa kawaida, rudi juu kidogo usome tena ile sentensi ya pesa, maana hapo ndipo mauti yake yalipoandikwa.

Kifungu cha 114 cha Katiba ya 2010 kinasema mswada wa pesa hauwezi kuendelea isipokuwa kwa mapendekezo ya kamati husika, baada ya kupata maoni ya waziri wa fedha. Lengo la kifungu ni jema. Wabunge 349 wakiachiwa kila mmoja aunde mamlaka yake, yenye mkurugenzi wake na magari yake, hazina ingekauka kabla ya Krismasi. Lakini hebu fikiria ni mswada gani wa maana usiotumia hata shilingi. Ukitaka kusimamia kliniki za uzazi unahitaji chombo cha kutoa leseni. Ukitaka kulinda mashahidi au wazee unahitaji ofisa wa kupokea simu. Barua inaandikwa kwa waziri, waziri hajibu, kamati inasema inasubiri jibu, na muhula wa miaka mitano unakwenda zake. Maseneta wamelia juu ya kifungu hiki tangu Seneti irudi mwaka 2013, kwamba miswada yao ikifika upande wa pili hubandikwa jina la mswada wa pesa na kuwekwa kando. Wakati mwingine wana haki ya kulia. Wakati mwingine, tuseme ukweli, mswada wenyewe ulikuwa wa kuunda vyeo.

Halafu kuna suala la muda. Shughuli za wabunge binafsi zimetengewa Jumatano asubuhi. Asubuhi moja katika wiki, ambayo hoja na miswada ya mamia ya wabunge inaigombania, na bado Kamati ya Shughuli za Bunge ndiyo inayopanga nini kitangulie. Akidi ni wabunge 50. Jumatano asubuhi wengine wamo kwenye vikao vya kamati, wengine wamo safarini, wengine wanajua wenyewe walipo, na kengele inalia dakika kumi kuwaita watu waje wakae tu vitini. Mbunge aliyesubiri miezi minane zamu yake ifike anaweza kusimama, akaeleza mswada wake kwa viti vitupu, na kikao kikaahirishwa kabla hajamaliza.

Linganisha na Mswada wa Fedha wa 2024. Uliingia Bungeni mwezi Mei. Kamati ya Fedha chini ya mbunge wa Molo, Kuria Kimani, ilisikiliza wadau siku baada ya siku, ikaandika ripoti, ikaondoa ushuru wa mkate na ule wa asilimia 2.5 kwa magari. Tarehe 25 Juni ukumbi ukapiga kura, 195 wakiunga mkono na 106 wakipinga, huku vijana wakiwa wamejaa barabarani nje. Kilichofuata tunakikumbuka sote, na wapo waliokilipia kwa maisha yao. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ninalotaka kulionyesha hapa ni kwamba kamati ya Bunge, serikali ikitaka, inaweza kuchambua mswada wa kurasa nyingi uliojaa hesabu kwa wiki chache. Hivyo tukiambiwa kwamba kamati nyingine imeshindwa kumaliza mswada wa mbunge kwa miaka mitatu kwa sababu ya wingi wa kazi, tuwe na haki ya kucheka.

Kanuni za Bunge la Kitaifa zenyewe zinaipa kamati siku 20 kuwasilisha ripoti yake tangu ikabidhiwe mswada. Siku 20! Kamati ikipitisha muda huo hakuna faini, hakuna karipio, wala hakuna mwenyekiti aliyewahi kunyimwa tikiti ya chama chake kwa kosa hilo.

Watu watasema kwamba miswada ya wabunge binafsi hupita pia, na mifano ipo. Ipo kweli, na kila mfano una funzo lake. Njoki Ndung'u, mbunge mteule ambaye leo ni jaji wa Mahakama ya Juu, alileta mswada uliokuwa Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006. Mjadala wake ukumbini uliwatoa wabunge wanawake nje kwa hasira baada ya mwenzao mmoja wa kiume kutoa maneno ya kuudhi kuhusu ridhaa ya mwanamke. Sheria ilipatikana, lakini kwa bei. Kifungu cha ubakaji ndani ya ndoa kilitolewa. Kikaingizwa kifungu cha 38 kilichomtishia mlalamishi: akionekana kudanganya, apate adhabu ileile ambayo mshtakiwa angepata. Mwanamke aliyekuwa akitetemeka kwenda kituo cha polisi akapewa sababu nyingine ya kubaki nyumbani. Kifungu hicho kilidumu hadi 2012 kilipofutwa. Ninaiheshimu kazi ile kuliko karibu kila kitu Bunge la Tisa lilichofanya. Lakini wanaopenda kuitaja kama ushindi mtupu hawajasoma kilichoachwa mezani.

Martha Wangari wa Gilgil alifanikiwa mwaka 2021 kubadilisha sheria ya ajira ili mfanyakazi anayechukua mtoto wa kulea kisheria apate mwezi mmoja wa likizo yenye mshahara. Mswada mfupi, haukuunda mamlaka wala bodi, haukugusa hazina. Wabunge wapya wangeusoma huo kabla ya kitu kingine chochote.

Mfano mkubwa, hata hivyo, ni wa Jude Njomo wa Kiambu Mjini, na huo nitaukalia kidogo.

Riba za mikopo zimekuwa zikiwaudhi wabunge tangu enzi za Joe Donde wa Gem, ambaye mswada wake wa kuzidhibiti ulipitishwa mwaka 2000 kisha ukaishia kugongana na mahakama. Kufikia 2016 mkopaji wa kawaida alikuwa akitozwa karibu asilimia 18. Njomo akaleta mswada wa kurasa chache sana: riba ya mkopo isizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na mwenye akiba alipwe angalau asilimia 70 ya kiwango hicho. Benki Kuu haikuutaka. Wizara ya Fedha haikuutaka. Mabenki ndiyo usiseme. Lakini mwaka mmoja kabla ya uchaguzi hakuna mbunge aliyetaka kuonekana akiwatetea wenye benki, na kamati ambayo ingeweza kuulaza mswada ikaona heri uamke. Ukapita Julai. Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi tarehe 24 Agosti 2016, na tarehe 14 Septemba ukaanza kutumika.

Kama sera, sikuupenda wakati ule na siupendi leo. Mama mboga hakupata mkopo wa asilimia 14. Alinyimwa mkopo kabisa, kwa sababu benki ziliona afadhali kuikopesha serikali kwa kununua hati zake kuliko kubahatisha na mtu asiye na dhamana. Mteja huyo akakimbilia mikopo ya kwenye simu, na sote tunajua makali yake. Kamati ingefanya kazi yake sawasawa ingeyaona hayo mapema na kuyaandika.

Lakini tazama jinsi sheria hiyo ilivyoondoka. Machi 2019 Mahakama Kuu ilisema kifungu chake kikuu hakieleweki, ikalipa Bunge mwaka mmoja kukirekebisha. Bunge halikukirekebisha. Oktoba mwaka huo Rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha wa 2019, mswada mwingine kabisa, na katika waraka wake wa kuurudisha akataka udhibiti wa riba ufutwe. Ili kumpinga zilihitajika kura 233, theluthi mbili ya wabunge wote. Tarehe 5 Novemba waliokuwa ukumbini hawakufika idadi hiyo. Siku mbili baadaye sheria ya Njomo ilikuwa historia. Haikuangushwa kwa kura iliyohesabu nani yuko upande gani. Iliangushwa na viti vilivyokosa watu. Wabunge waliorudi vijijini wakati wa kampeni kuimba kwamba waliwashusha mabenki hawakurudi kueleza walikuwa wapi siku hiyo.

Njia hii ya kuua bila kushika kisu imekuwa desturi. Februari 2019, mswada wa kutekeleza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia ulifikia mwisho wake kwa namna ileile, wabunge 174 wakiwa ukumbini badala ya 233. Huo hata haukuwa wa mbunge wa kawaida, uliletwa na Aden Duale akiwa kiongozi wa wengi. Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais Septemba 2020 alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa, na sheria haikutungwa.

Upo pia upande wa pili wa shilingi, nao unanitia wasiwasi zaidi. Miswada mingine ya wabunge binafsi haikwami popote. Mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daud Mohammed, alileta mswada wa 2024 wa kurekebisha sheria ya uhalifu wa mitandaoni, ukiwapa maafisa wa serikali uwezo wa kuagiza tovuti zifungwe. Ulipita hatua zote. Rais Ruto akautia sahihi tarehe 15 Oktoba 2025, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikimlilia Raila Odinga. Wakenya wakazinduka baada ya matanga, mitandao ikawaka, watu wakakimbilia Mahakama Kuu, nayo ikasitisha baadhi ya vifungu wiki moja baadaye. Lawama nyingi zilikwenda Ikulu. Lakini mswada ule ulikuwa umekaa Bungeni zaidi ya mwaka, umekwisha kusomwa, na kamati ilikuwa imekwisha kuita maoni. Mwandishi wa habari gani aliketi kikao hicho? Mimi sikuketi, na sikumbuki gazeti lililokipa ukurasa wa mbele.

Kwa hiyo mswada wa mbunge binafsi ukilingana na matakwa ya wenye nguvu, kamati ni mlango ulio wazi. Usipolingana nayo, kamati ni ghala. Kinachoamua ni mazungumzo ambayo hatuyasikii.

Wenye kuitetea kamati wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Miswada mingi inayoletwa ni mibovu. Kuna wabunge wanaorundika mapendekezo ili waonekane wachapakazi wakati mashirika ya kiraia kama Mzalendo yanapotoa orodha zake za mwaka. Mingine imenakiliwa kutoka nchi nyingine hadi majina ya taasisi yakasahauliwa ndani. Mwenyekiti mwenye busara akiona kitu kama hicho hukiweka chini ya rundo, na taifa linaokoka bila mtu kuaibishwa. Nakubali. Nakubali pia kwamba kuhesabu miswada aliyoleta mbunge ni kipimo dhaifu sana cha kazi yake. Lakini kamati inayozika mswada mbovu kimyakimya ndiyo inayozika mzuri kimyakimya, na mimi mpiga kura sina namna ya kujua ni upi uliozikwa leo. Ripoti ya kurasa tatu ingetosha. Tumeusoma, tumewasikiliza fulani na fulani, tunapendekeza ukataliwe kwa sababu hizi. Sahihi za wanachama, na majina ya wasiokubali.

Maoni ya umma nayo yana vituko vyake. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kutushirikisha. Ndiyo maana huona tangazo gazetini, ukurasa uliojaa maandishi madogo, likitaja miswada mitano au sita kwa mkupuo, na kukutaka upeleke maoni kwa Karani wa Bunge kwa mkono au kwa baruapepe kabla ya saa kumi na moja jioni ya tarehe fulani. Tangazo ni la Kiingereza. Miswada ni ya Kiingereza. Katiba hiyohiyo katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Bunge limejitahidi hata likatafsiri Kanuni zake za Kudumu. Mvuvi wa Kipini au mfugaji wa Kinango anayeulizwa maoni kuhusu mswada wa uvuvi au wa mifugo hahitaji Kanuni za Kudumu. Anahitaji muhtasari wa mswada, kurasa mbili, kwa lugha anayonunulia unga. Isitoshe, sheria maalumu ya kueleza maoni ya umma yachukuliwe vipi na yajibiwe vipi imejaribiwa Bungeni zaidi ya mara moja. Nayo imekaliwa.

Hata sahihi ya Rais si mwisho wa safari. Ile sheria ya ulanguzi wa binadamu niliyoitaja ilitiwa sahihi mwaka 2010, na haikuanza kutumika hadi Oktoba 2012, kwa kuwa tarehe ya kuanza iliachiwa waziri aitangaze. Wasichana waliosafirishwa Ghuba katika miaka hiyo miwili walikuwa na sheria ya kuwalinda, ila ilikuwa imelala kabatini.

Aprili 2024 Bunge lilifungua jengo lake jipya, Bunge Tower, lenye ofisi za wabunge na vyumba vya kamati ambavyo hata mabenki yangevionea wivu. Kisingizio cha kukosa mahali pa kukutania kimekwisha, ingawa safari za kamati kwenda kuandikia ripoti hotelini Mombasa na Naivasha hazijakwisha. Vyumba vina kamera. Basi na vitumike. Kila kamati ibandike kwenye ukurasa wake, kila Ijumaa, orodha ya miswada iliyo mikononi mwake, tarehe iliyokabidhiwa, na kinachosubiriwa, na kama ni barua ya waziri, waziri atajwe. Siku 20 zikipita bila ripoti, mswada uende ukumbini na mwenyekiti asimame aeleze. Spika Wetang'ula hahitaji kubadilisha Katiba ili kulisimamia hilo. Anahitaji kuzitekeleza kanuni alizonazo. Na Seneti ya Kingi isijione imeepuka: mswada uliopitishwa na wenzao mara mbili hauna haki ya kufia kwao mara ya pili.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na siku Bunge hili litakapomaliza muda wake, kila mswada utakaokutwa njiani utakufa, uwe mzuri au mbaya. Tangazo lijalo la Bunge litakapotoka gazetini, chagua mswada mmoja tu kati ya ile iliyoorodheshwa. Anza na kurasa za mwisho, uone jina la aliyeuleta na ile sentensi ya pesa. Kisha mwandikie Karani, kwa Kiswahili, na nakala umpelekee mwenyekiti wa kamati ukimtaka akujibu mambo mawili: mswada huu mmeukalia tangu lini, na ripoti yake mtaisoma siku gani.